Ukuta wa Zahanati, Mtae

Mwenyekiti alisema: tuchoree wanawake wa mlima.
Wawe na sura nzuri, wacheke,
mmoja na mtoto, mmoja na jembe.
Rangi italetwa Jumanne kutoka Tanga mjini.

Jumanne ikaja peke yake.
Na iliyofuata, vivyo hivyo.
Sikudhani Shemahonge akajifunga kaniki,
akashuka korongoni na sufuria isiyo na sikio,
akarudi na udongo:
mwekundu, wa shamba la marehemu mama yake;
wa manjano, uliolala chini ya mizizi ya mshai;
mweupe, wa ukingo wa kijito,
ule wanaoulamba wajawazito wakidhani hatuwaoni.
Mweusi hakuutafuta mbali.
Alikwangua masizi ya chungu cha bada.
Akavikoroga vyote na utomvu wa mgomba,
ambao ukigusa nguo umehamia.

Siku tatu tuliuona mgongo wake tu.

Hakuchora sura.
Alichora makingamaji yakipanda kiunoni mwa mlima
kama michirizi ya tumbo lililozaa saba.
Alichora mzizi umelikumbatia jiwe
hata hujui nani kamshika mwenzake asianguke.
Ua dogo la zambarau katika ufa wa mwamba,
pale mbuzi anaposita kuweka ukwato.
Ukungu umekaa bondeni, mzito,
na njia, nyembamba, ikipanda, ikipinda,
ikipanda tena.

Mwenyekiti akaja na daftari lake.
"Mlima nauona. Wanawake wako wapi?"
Sikudhani alikuwa ananawa mikono.
Aliendelea kunawa.

Akapita Bi Hidaya Hoza, anatoka nyikani,
tenga la mapeasi ambayo hayakununuliwa kichwani,
kata imemlalia upande.
Akasimama bila kutua.
Akaunyooshea mzizi kidole:
"Huyu mimi.
Hapa ndipo goti lilipoteguka, ule mwaka wa maporomoko.
Nilifika na kuni zote.
Hesabu, zote."
Akaondoka. Mapeasi hayakutikisika.

Wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Siku ile, mbele ya ukuta ule, usufi uligeuka mawe.
Zaina alijikuta katika kijito, akatazama pembeni.
Namkunda, aliyezaa njiani, chini ya miwati,
akakata kitovu kwa wembe wa kukatia mboga,
aliligusa lile ua, akaficha kidole mdomoni.
Mimi nilichelewa kujiona.
Nilimwona mama kwanza:
mchanga wa ukuta huu ulitoka mtoni,
ndoo kumi kila kaya,
na kwetu kaya ilikuwa yeye.

Kisha vuli ikaja kiubavuubavu.
Paa la zahanati ni fupi, mnalijua.
Asubuhi nusu ya mlima ilikuwa imeshuka,
imejaa kibarazani, tope la rangi tatu,
na muuguzi anaisukuma kwa fagio akiomba radhi.
"Nilisema tusubiri rangi," akasema mwenyekiti,
kwa upole, maana naye alikuwa ameanza kuupenda.

Hatukuitana.
Nilipofika na udongo wangu nimeufunga pindoni mwa khanga,
mahali pa kufungia hela,
nilikuta pindo nyingine kumi na tisa zinafunguliwa.
Wa Hidaya ulikuwa na changarawe.
Wa Namkunda ulinuka majani ya miwati.
Sikudhani hakutupa brashi, hana.
Alisema: "Viganja. Pakeni pale mnapopajua."
Tukapaka. Mlima ukatoka na mabaka,
ukawa mpana kuliko wa kwanza,
na karibu na dirisha la chanjo kuna kiganja kidogo
ambacho hakuna anayekubali ni cha mtoto wake.

Rangi ya Tanga ilifika mwezi wa tatu,
makopo mawili, bluu.
Tulishukuru.
Tulipaka mlango.